Watoto Ndani ya Chuma

Mwishoni mwa mwaka 1985, watazamaji wa televisheni nchini Japani walioneshwa vita vikipiganwa Mlima Kilimanjaro. Mfululizo wa katuni ulioitwa Mobile Suit Zeta Gundam ulikuwa umeugeuza mlima huo kuwa ngome ya kikosi katili kiitwacho Titans, ambacho kazi yake ni kuwanyamazisha kwa silaha watu wanaoishi kwenye makoloni ya angani. Waasi wanaivamia ngome hiyo kwenye theluji, wakiendesha mashine zenye mikono na miguu, kimo chake sawa na jengo la ghorofa sita. Katikati ya mapigano yupo msichana anayeitwa Four Murasame. Jina lake ni namba tu: alikuwa mtu wa nne kufanyiwa majaribio katika maabara ya jeshi. Hakumbuki alikotoka, na wakubwa wake wamemwahidi kwamba akipigana vizuri atarudishiwa kumbukumbu zake. Anafia hapohapo Kilimanjaro, akimkinga Kamille Bidan, kijana wa upande wa adui aliyempenda.

Miaka 40 imepita na mashabiki bado wanabishana juu ya kifo hicho. Wapo wanaokiona kuwa ndicho kiini cha mfululizo mzima, kwa sababu kinaonesha jeshi linavyomchukua mtoto, likamvunja, kisha likamtumia kama risasi. Wengine wanakataa katakata. Wanasema mwandishi alimuua msichana ili shujaa wa kiume apate jambo la kulia, na kwamba mtindo huo umezoeleka mno katika hadithi za namna hii. Pande zote mbili zina hoja, na kila upande unazijua sehemu zile za katuni kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kwao.

Kwa asiyezifahamu, anime, yaani katuni za Kijapani, za maroboti makubwa ni kelele na milipuko ya kuwafurahisha watoto. Milipuko ipo, tena mingi. Lakini mashabiki wanapokutana huzungumza zaidi juu ya mtu aliyeketi ndani ya mashine, na karibu kila mara mtu huyo ni mtoto. Nani alimweka pale? Aliulizwa kama anataka? Atakuwa mtu wa namna gani vita vikiisha?

Maswali hayo yana asili yake katika vita vya kweli. Mchoraji Mitsuteru Yokoyama alizaliwa mjini Kobe mwaka 1934, na alikuwa bado mtoto ndege za Marekani aina ya B-29 zilipouchoma mji huo kwa mabomu mwaka 1945. Mwaka 1956 alianza kuchora hadithi ya Tetsujin 28-go, roboti lililoundwa kwa siri ili liwe silaha ya jeshi la Japani. Vita vinaisha, na roboti linaangukia mikononi mwa mvulana, Shotaro Kaneda, anayeliongoza kwa rimoti. Lenyewe halina akili wala dhamiri. Rimoti ikiibwa na mhalifu, linamtumikia mhalifu kwa utii uleule. Mwaka 1963 hadithi hiyo ikawa katuni ya televisheni, na leo sanamu ya roboti hilo, yenye kimo cha zaidi ya mita 15, imesimama katika wilaya ya Nagata huko Kobe. Ilijengwa mwaka 2009 kuwa ishara ya mtaa kuinuka tena baada ya tetemeko la ardhi la Januari 1995 lililoua watu zaidi ya 6,400.

Desemba 1972 ilikuja Mazinger Z ya mchoraji Go Nagai. Yeye amesimulia kwamba wazo lilimjia alipokuwa akitazama foleni ya magari, akawaza ingekuwaje gari moja likiota miguu na kuyaruka mengine. Kutokana na wazo hilo akamtoa mtoto kwenye rimoti akamweka ndani ya kichwa cha roboti. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililozaa yote yaliyofuata, kwa kuwa sasa pigo likitua kwenye chuma linamfikia mtoto. Babu anayemwachia mjukuu wake mashine ile anamwambia, kabla ya kukata roho, kwamba akiwa nayo anaweza kuwa mungu na anaweza kuwa shetani. Mfululizo ulikwenda sehemu 92, na kampuni za vitu vya kuchezea zikagundua mgodi. Tangu hapo, aliyelipia vipindi hivi kwa kawaida ni mtu anayeuza vidude vya plastiki na chuma.

Mwongozaji Yoshiyuki Tomino aliufahamu vizuri mkataba huo alipotengeneza Mobile Suit Gundam, iliyoitangulia Zeta Gundam na kuanza kurushwa Aprili 1979. Mfadhili alitaka roboti la kuuza. Tomino akampa, kisha akalizungushia vita ambavyo ndani ya takriban mwezi mmoja vimeua nusu ya binadamu wote. Shujaa wake, Amuro Ray, ana miaka 15. Hana mafunzo yoyote ya kijeshi. Katika sehemu ya kwanza anaingia ndani ya Gundam kwa sababu watu wanauawa mbele ya macho yake, na anaiendesha huku akipekua kitabu cha maelekezo.

Ipo sehemu moja ambayo mashabiki huirudia mara kwa mara, ya 13. Amuro anafika kijijini kwao na kumkuta mama yake katika kambi ya wakimbizi. Askari wa adui wanaingia kukagua. Mama anamlaza kitandani na kumfunika kama mgonjwa. Askari mmoja anasogea, na Amuro anamfyatulia risasi kupitia blanketi. Adui yule si zimwi wala mashine, ni mtu, na mama anamlaumu mwanawe kwa kumpiga risasi binadamu mwenzake. Mtoto anajibu kwamba hivi ni vita. Mwishoni anampigia mama saluti ya kijeshi, anageuka, na kuondoka na wenzake.

Nani alikosea pale? Aliyeitazama akiwa na umri wa Amuro humlaumu mama kwa kuishi kama vile vita haviko. Akiitazama tena akiwa mzazi, husikia kitu kingine katika sauti ya yule mwanamke. Tomino hakutoa hukumu, na hapo ndipo alipokuwa mwalimu mkubwa: aliwaamini watoto wa shule ya msingi kwamba wanaweza kubeba swali lisilo na jibu.

Wakati ule hakupata shukrani. Watazamaji walikuwa wachache, vitu vya kuchezea havikuuzika kama ilivyotarajiwa, na mfululizo uliopangwa kuwa na sehemu 52 ukakatwa ukaishia 43. Uliokolewa na mashabiki. Waliukumbuka, wakaujadili, wakadai urudiwe. Mwaka 1980 kampuni ya Bandai ilitoa vipande vya plastiki vya kuunganisha kwa mkono, kimoja kwa yeni 300, na vikagombaniwa madukani. Kisha ikatangazwa filamu. Tarehe 22 Februari 1981, maelfu ya vijana walijaa nje ya stesheni ya Shinjuku mjini Tokyo kusikiliza tamko lililosomwa hadharani kwamba zama mpya za anime zimefika. Mmoja wa waliosimama jukwaani, akiwa amevaa kama Char Aznable, hasimu mkuu wa Amuro, alikuwa shabiki kijana aitwaye Mamoru Nagano. Miaka minne baadaye Nagano alikuwa miongoni mwa wachoraji walioibuni mashine ya rangi ya dhahabu anayoiendesha Char katika Zeta Gundam. Shabiki aliyesimama jukwaani akawa mtengenezaji.

Mjadala mkubwa kuliko yote kuhusu Gundam ni huu: je, upande wa Zeon ulikuwa na haki? Zeon ni koloni la angani lililojitangazia uhuru baada ya miaka ya kutawaliwa na watu walio Duniani ambao hawajali maisha ya huko juu. Kwa msomaji wa nchi iliyowahi kuwa koloni, madai hayo yanaingia akilini mara moja. Lakini uongozi wa Zeon umetekwa na ukoo mmoja. Gihren, mwana mkubwa wa mtawala, anahubiri ubora wa kabila lake, na hata baba yake anamlinganisha na Hitler. Kuna mashabiki wanaovaa nembo za Zeon kwa fahari, na kuna wanaowauliza kama wamesahau kwamba jeshi lile liliua makoloni mazima kwa gesi ya sumu. Ugomvi huu una faida yake. Unamlazimisha mtu kutenganisha dai la haki na watu wanaolibeba, na kazi hiyo huwa ngumu zaidi pale wanaobeba dai wanapovaa sare za kupendeza.

Mashabiki wenyewe huzigawa anime hizi mafungu mawili. Kuna za maroboti ya miujiza, ambamo ujasiri wa rubani humpa chuma nguvu na jina la pigo hutajwa kwa kelele kabla halijapigwa. Kuna pia za maroboti ya kivita, ambamo risasi huisha, magoti huvunjika, na fundi hukesha akitafuta kipuri. Wapenzi wa fungu la pili huwa na tabia ya kulidharau la kwanza, wakiliona la kitoto. Historia haiwaungi mkono.

Chukua Voltes V, ya fungu la kwanza kabisa, iliyotengenezwa Japani mwaka 1977. Vijana watano wanaunganisha vyombo vyao kuwa roboti moja na kupambana na wavamizi kutoka sayari ya Boazan, ambako mwenye pembe kichwani huzaliwa bwana na asiye na pembe huzaliwa mtumwa. Hadithi inavyoendelea inafichuka kwamba baba wa watatu kati ya vijana hao ni mwana wa ukoo wa kifalme wa Boazan aliyezaliwa bila pembe. Wanapigana na ndugu zao wa damu. Mwisho wake, watumwa wanaamka na kuupindua utawala wa kifalme.

Mwaka 1978 Voltes V ilianza kuoneshwa nchini Ufilipino na watoto wakaipenda kupita kiasi. Nchi ilikuwa chini ya amri za kijeshi alizozitangaza Rais Ferdinand Marcos mwaka 1972. Agosti 1979 Marcos aliipiga marufuku, pamoja na katuni nyingine za maroboti, zikiwa zimebaki sehemu nne tu imalizike. Sababu iliyotolewa ni kwamba ukatili wake ulikuwa unawaharibu watoto. Wafilipino wengi hawakuikubali, kwa kuwa sehemu zilizozuiwa ndizo zilizokuwa na mapinduzi. Mashabiki wanaopenda ushahidi hujibu kwamba kweli kulikuwa na wazazi waliolalamikia ukatili, na kwamba marufuku iliyokumba katuni nyingi kwa pamoja haiwezi kuelezwa kwa hadithi ya moja tu. Hoja hiyo ni ya haki. Hata hivyo, watoto walionyimwa mwisho wa hadithi walikua wakiwa na hasira ileile, na Marcos alipong'olewa Februari 1986 na umma uliojaa barabarani, kizazi hicho kilikuwa kimefikia umri wa kuelewa. Sehemu zile za mwisho zilipelekwa kwenye majumba ya sinema ya Ufilipino mwaka 1999, na mwaka 2023 televisheni ya GMA ya nchi hiyo ikatoa Voltes V: Legacy, toleo jipya linaloigizwa na watu.

Jambo kama hilo lilitokea katika nchi za Kiarabu, kwa njia nyingine. Grendizer, kazi nyingine ya Go Nagai iliyotoka mwaka 1975, iliingizwa sauti za Kiarabu nchini Lebanon wakati nchi hiyo ikiungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ikaenea mpaka Ghuba. Shujaa wake, Duke Fleed, ni mwana wa mfalme ambaye sayari yake imeteketezwa na wavamizi, naye amekimbilia Duniani na kujificha kama kijana wa shambani. Mkimbizi aliyenyang'anywa kwao, anayezungumza Kiarabu fasaha na anayelinda nchi iliyompokea: hakuna haja ya kueleza kwa nini watoto wa Beirut walimwelewa. Mapenzi hayo hayakupoa. Mwaka 2022 sanamu ya Grendizer yenye kimo cha zaidi ya mita 33 ilisimamishwa mjini Riyadh, na mwaka 2024 ukatoka mfululizo mpya, Grendizer U, ambao kampuni ya Manga Productions ya Saudi Arabia ilishiriki kuutengeneza.

Halafu kuna Neon Genesis Evangelion. Ilianza Oktoba 1995, ikiongozwa na Hideaki Anno, mtu aliyekuwa ametoka kupita miaka minne ya sonona na hakuficha hilo. Shinji Ikari, mwenye miaka 14, anaitwa na baba aliyemtelekeza. Anadhani ameitwa kwa upendo. Anaoneshwa mashine na kuambiwa apande. Anakataa. Baba hambembelezi, anaagiza aletwe rubani mwingine, msichana aliyefungwa bandeji mwili mzima, anayevuja damu juu ya kitanda cha magurudumu. Shinji anapanda. Ni dakika chache tu za televisheni, lakini kila mtu aliyewahi kushurutishwa kwa kuoneshwa mwenzake anayeumia anazielewa.

Mashabiki wamegawanyika juu ya Shinji tangu siku ile. Wanaomwita mwoga na mlialia ni wengi. Wanaomtetea huuliza mtoto wa miaka 14 alipaswa kufanya nini kingine. Wanaomtetea wana haki zaidi. Miaka ishirini ya katuni ilikuwa imewazoesha watazamaji mtoto anayeruka ndani ya roboti kwa furaha, na Anno alionesha tu mtoto wa kawaida angefanya nini. Sehemu mbili za mwisho ziliacha vita kabisa na kuingia ndani ya mawazo ya kijana huyo. Watu walikasirika, barua za matusi zikamiminika, na filamu ya mwaka 1997, The End of Evangelion, ikazionesha baadhi ya jumbe za mashabiki kwenye skrini. Anno aliifunga hadithi yote mwaka 2021 kwa filamu iliyoingiza zaidi ya yeni bilioni 10 nchini Japani pekee. Ndani yake, hatimaye baba na mwana wanazungumza.

Afrika Mashariki haikuishia kwenye ngome ya Kilimanjaro katika hadithi hizi. Gundam SEED ya mwaka 2002 iliweka karibu na Ziwa Victoria kituo kikubwa chenye reli ndefu ya kurushia vyombo angani. Wanaojadili sayansi ya anime wanaielewa hesabu yake: chombo kinachorushwa karibu na ikweta husukumwa bure na mzunguko wa Dunia, ambao hapo hufikia takriban kilomita 1,670 kwa saa. Waitalia waliitumia hesabu hiyohiyo katika bahari ya Malindi, walikorusha setilaiti kuanzia mwaka 1967, ikiwamo Uhuru, iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970.

Kuna mfululizo mwingine unaotugusa kwa uchungu zaidi, ingawa umewekwa Mars. Iron-Blooded Orphans, ulioanza mwaka 2015, unahusu watoto wanaouzwa na kununuliwa kama vyuma chakavu. Hupasuliwa uti wa mgongo na kuwekewa kifaa cha kuwaunganisha na mashine, kwa kuwa upasuaji huo hauwafai watu wazima. Mikazuki Augus, rubani hodari kuliko wote, hajui kusoma. Kati ya pigano na pigano, msichana aitwaye Kudelia anamfundisha herufi, na mtazamaji anamwona akiandika polepole, kwa mkono uliokwisha kuua. Baadaye mkono huohuo unapooza, pamoja na jicho, kwa sababu ya kile mashine ilichomdai.

Msomaji wa Ituri, Kivu au Gulu hahitaji kwenda Mars kuyajua hayo. Wakongomani wanawakumbuka kadogo, yaani askari watoto, wa vita vya mwaka 1996 na 1997, na hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mwaka 2012, ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia watoto katika vita vya Ituri. Kwa hiyo swali ambalo mashabiki wanaulizana lina uzito wa pekee huku kwetu: je, Iron-Blooded Orphans inalaani utumiaji wa watoto vitani, au inaufanya upendeze? Muziki unapanda, Mikazuki anamponda adui, mtazamaji anashangilia. Dakika tano baadaye rafiki wa miaka kumi na kitu amelala maiti. Watetezi wanasema mfululizo unakushangilisha makusudi ili ujione. Wapinzani wanasema duka linalouza mashine ile ya plastiki halimkumbushi mnunuzi habari ya maiti.

Hapo ndipo penye kidonda cha anime zote hizi, na mashabiki wazuri hawakifichi. Hadithi inayolaani vita inalipiwa na mauzo ya silaha za kuchezea. Bandai imeuza mamia ya mamilioni ya vipande vya Gundam. Zaidi ya mwongozaji mmoja amewahi kukereka kwa kuona watazamaji wakipenda mizinga kuliko maneno. Lakini bila mauzo hayo, sehemu ya 13, pamoja na mama na blanketi lake, isingechorwa kamwe. Ni afadhali kazi hizi ziwepo na mgongano wake kuliko zisiwepo, mradi watu waendelee kuuzungumzia kwa sauti.

Anayetaka kuanza asianze na Evangelion. Ni kazi kubwa, lakini ina picha za kutisha na maumivu ya akili yasiyomfaa mtoto mdogo hata kidogo. Njia nyepesi ni filamu tatu za Mobile Suit Gundam za mwaka 1981 na 1982, zinazofupisha mfululizo wa kwanza. Michoro yake ni ya kizamani na sauti zake zinakwaruza, ila hadithi iko wazi. Mzazi mwenye kijana wa miaka 13 au 14 nyumbani aketi naye azitazame pamoja, wakifika kwa mama na blanketi asimamishe kidogo, amuulize mwanawe nani alikosea, kisha amwache azungumze bila kumkatiza.